Seva Iliyobaniwa Umeme

Abu Rabih hakuwa bahili, na anayesema alikuwa bahili aje aniambie usoni. Bahili huficha chake asikupe. Abu Rabih alikuwa anakukaribisha kahawa mpaka unachoka, anakusogezea na sahani ya halawa ya jibini, anakulazimisha umalize, kisha ukiinuka tu kwenda kunawa mikono anazima taa ya sebuleni nyuma yako. Huyo si bahili. Huyo ni mtu wa Tripoli, Tripoli yetu hii ya Lebanoni, aliyeishi nusu ya umri wake na ampea tano za jenereta ya mtaa, ile tunayoilipia kwa ampea kwa sababu umeme wa serikali haupo.

Ampea tano zinataka akili. Friji ikinguruma, pasi haiwashwi. Mashine ya kufulia ikizunguka, runinga inapumzika, na wewe na mechi yako mtajuana. Nyumbani kwa Abu Rabih, mwenye kutaka kupiga pasi alikuwa anapaza sauti kwanza kutoka chumbani, "Nawasha pasi!" Umm Rabih anaitika jikoni, "Subiri kwanza nichomoe friji!" Ndipo shati linapigwa pasi. Ukikosea mpango, swichi kuu inaruka, nyumba inakuwa giza, na mmoja wenu lazima ateremke ngazi zote kwenda kuirudisha, huku majirani wako kwenye roshani wanawacheka: "Leo mmechoma kuku wangapi?" Watoto walikulia humo. Umm Rabih alikuwa anapenda kusimulia kwamba mwanawe Rabih, baada ya kujua kusema mama, neno lililofuata lilikuwa "zima".

Kazi ya Abu Rabih ilikuwa kutunza hifadhidata ya ghala la dawa la Haji Muwaffaq. Ghala hilo ndilo lililokuwa likiyalisha maduka ya dawa kuanzia bandarini mpaka vijiji vya Akkar, na hifadhidata ndiyo iliyojua kila kitu: dawa ipi iko rafu ipi, insulini ipi inakaribia kuharibika, duka gani limeagiza nini asubuhi hii. Ikisimama, ghala zima linageuka chumba cha makatoni tu. Abu Rabih aliingia pale akiwa kijana mwenye nywele, akapewa ile programu aitunze, akazeeka nayo. Hakuwahi kuitia aibu, nayo haikuwahi kumtia aibu.

Kilichokuwa kinamkosesha usingizi ni watoto. Maysa aliolewa Sydney. Rula akaenda kusoma Hamburg, akapata kazi huko huko, basi tena. Akabaki Rabih peke yake. Kwetu mama akizidiwa na mapenzi humwambia mtoto "unizike", yaani nitangulie mimi, wewe ubaki unifukie, nisije nikaiona siku isiyo na wewe. Umm Rabih alikuwa analimwaga neno hilo mchana kutwa. Kula, unizike. Vaa koti, unizike. Mabinti walipoondoka akawa anatania, "Hao wawili watanizikia kwenye simu. Wa kunishika jeneza ni huyu." Watu wanacheka. Abu Rabih alikuwa hacheki.

Na Rabih naye tayari alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alisomea kompyuta, akafanya kazi kwenye kiofisi cha watu, malipo ya kubahatisha. Rula akamtafutia nafasi Hamburg. Mkataba ulishafika, kilichobaki ni kutia sahihi. Abu Rabih alipousikia mkataba huo chakula kilimkataa.

Ndipo likaja lile wazo la seva. Ghala lilikuwa na seva mbili za zamani, mashine nzito zinazokula umeme kama tanuri la mkate, na kwa vile zinatoa joto, inabidi kiyoyozi kiwake saa zote kuzipoza. Jenereta ya ghala ikawa inahema, maana kuna friji za chanjo na insulini nazo zinataka haki yao. Rabih akamwendea Haji Muwaffaq. Akamweleza kuna seva za siku hizi, prosesa zake zina viini vingi lakini zinakula umeme kidogo mno, kiyoyozi hakihitajiki, dirisha wazi linatosha. Hifadhidata inabaki ile ile ya baba, inahamishiwa tu kwenye mashine mpya.

Haji alizungusha tasbihi yake, akamtazama baba mtu, akamtazama mwana.

"Sikiliza," akasema. "Niletee hiyo mashine. Ikinivusha mpaka Ramadhani bila kunitia aibu mbele ya wenye maduka, kompyuta za matawi yangu yote nakukabidhi wewe. Utakaa hapa hapa, mbele ya macho ya baba yako. Ikikataa, basi Mungu akufungulie kwingine. Sawa?"

"Sawa, Haji."

Abu Rabih alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama mtu aliyepunguziwa miaka. Alimwambia mkewe mlangoni, hata viatu hajavua, "Atabaki. Inshallah atabaki." Umm Rabih akapiga kigelegele mpaka jirani wa juu akauliza kupitia dirishani nani anaoa.

Mashine ikaletwa. Ilikuwa nyembamba, kimya, inatia shaka kwa ukimya wake. Rabih aliisimika siku ya mapumziko, ghala likiwa halina mtu ila wao wawili. Akahamisha hifadhidata, akaijaribu huku na huku, kila ombi likajibiwa papo hapo. Baba na mwana wakashikana mabega, wakala mkate wa zaatari, ule wa majani makavu na ufuta, wakiwa wamesimama. Kisha Rabih akaenda zake kumpelekea Haji habari, na Abu Rabih akabaki kumzoea mgeni wake.

Basi hapo, jamani. Hapo ndipo ningependa kumshika mkono.

Akawa anapitia mipangilio ya ndani ya mashine, kurasa zile za chini kabisa ambazo mtu huzifungua mara moja na hazifungui tena. Akaona mstari unaohusu umeme. Rabih ameuweka kwenye "nguvu kamili". Chini yake kuna chaguo jingine: "bana umeme".

"Nguvu kamili ya nini?" Abu Rabih akajisemea. "Na watu hawapo!"

Kwa akili yake, kijana amesahau. Amenunua mashine ya kubana umeme, ameisifia kwa Haji kwamba inabana umeme, halafu ameiacha bila kuiwasha hiyo kazi ya kubana! Akatabasamu kama baba anayeona mwanawe ametoka na kifungo cha shati kimoja wazi, naye hataki kumfedhehesha mbele za watu. Akachagua "bana umeme", akahifadhi, akafunga ukurasa. Kisha akasahau. Si kwamba alificha. Alisahau kama wewe unavyosahau kuwa ulizima taa ya choo. Nani anakumbuka kitu kama hicho? Mkono unazima wenyewe, nawe unaendelea na maisha yako.

Siku ya kazi ilipofika, simu za maduka ya dawa zikaanza. Ilikuwa baridi, mji mzima unakohoa. Hiyam, dada wa mapokezi ya maagizo, mwanamke mwenye ulimi na moyo mzuri, akabonyeza agizo la kwanza. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Abu Rabih!" akaita. "Mwambie mwanao mashine yake imelala! Nimebonyeza, nimekwenda kupika kahawa, nimekunywa, nimerudi, bado inazunguka!"

"Ipe muda, Hiyam. Ngeni hiyo."

"Niipe muda? Kuna mfamasia huku ananitukana mpaka babu yangu!"

Kumbe prosesa ya namna ile tayari ni ya kula kidogo. Ukiiambia ibane tena, inasinzia kila inapopata upenyo, na kuamka inachelewa. Kwa kazi nyingine huwezi kuona tofauti. Lakini hifadhidata ni kazi ndogo ndogo maelfu, kila moja inaingoja nyingine imalize. Ni kama muuza duka anayejilaza kitandani kila mteja anapotoka: foleni itafika barabarani. Na foleni ya ghala la Haji Muwaffaq ilifika Akkar.

Rabih akaitwa. Akajifungia kwenye chumba cha seva asubuhi nzima. Baba yake alimpelekea chai, akamkuta amekaa tu, mikono mapajani, anatazama kioo.

"Umeona tatizo?"

Rabih akapokea kikombe. "Labda haiendani na hii hifadhidata, baba."

"Labda? Hujui?"

"Haiendani."

Haji Muwaffaq hakuwa mtu mbaya, ila siku hiyo alikuwa amesikia matusi ya wafamasia wa kaskazini nzima. Alisimama katikati ya ghala, wabeba makatoni wanasikia, Hiyam anasikia.

"Rabih, umeniuzia farasi, nimefungua zizi nimekuta punda! Siku nzima watu wanakosa dawa kwa ajili ya maneno yako matamu. Toa hicho kitu chako. Nirudishieni zangu za zamani."

Rabih aliinama, akaanza kuchomoa nyaya. Abu Rabih alikuwa anatazama sakafu, masikio yanawaka moto. Na walipofika nyumbani, badala ya kumfariji mwanawe, aibu ikamtoka kama hasira.

"Nilikwambia uipime vizuri! Nimekaa pale umri wangu wote, hakuna aliyewahi kuninyooshea kidole. Leo umenivunjia heshima mbele ya wabeba makatoni!"

"Abu Rabih, mwogope Mungu," Umm Rabih akasema.

"Mwache, mama," Rabih akajibu taratibu. "Ana haki."

Alitia sahihi mkataba wa Hamburg wiki hiyo hiyo. Uwanja wa ndege alisindikizwa na wote wawili, wakapita njia nzima hadi Beirut wakiongea habari za mvua tu. Umm Rabih alimfunga skafu shingoni, akamfunga tena, akamwambia, "Mungu akulinde, mwanangu." Akaishia hapo. Abu Rabih alilingoja lile neno jingine, halikuja. Na tangu siku ile halikuja tena, si kwenye simu, si kwa Rula, si kwa Maysa. Hakumuuliza. Unamuulizaje mtu swali kama hilo?

Seva mpya ikawekwa kwenye pembe ya ghala, ikafunikwa nailoni, juu yake watu wakawa wanawekea miavuli. Hiyam akaibandika jina: Punda wa Haji. Kila Abu Rabih alipopita pale alikuwa anageuza uso.

Ramadhani ikapita, kiangazi kikapita, baridi ikarudi. Asubuhi moja kiyoyozi cha chumba cha seva kikafa, na kabla fundi hajapatikana, seva moja ya zamani ikaungua, nyingine ikaanza kutoa harufu. Haji akaja mbio, tasbihi imemponyoka mlangoni.

"Abu Rabih, tufanyeje?"

"Hakuna jingine, Haji. Tumtoe punda."

Wakaondoa miavuli, wakaiwasha mashine. Abu Rabih akajiambia kwamba kabla ya kurudisha hifadhidata ataipitia mashine tangu chini, asitahayari mara ya pili. Akafungua zile kurasa. Akaufikia ule mstari.

"Bana umeme."

Kwanza alishangaa. Rabih angewezaje kukosea jambo la wazi namna hii? Kisha akakumbuka ladha ya zaatari mdomoni. Akakumbuka amesimama peke yake, anatabasamu, anamfunga mwanawe kifungo cha shati. Akatafuta kiti kwa mkono.

Akarudisha kwenye nguvu kamili. Akapandisha hifadhidata. Hiyam akabonyeza agizo lake akiwa tayari ameshashika kikombe cha kahawa.

"Yaa Abu Rabih! Umeilisha nini? Sijainua kidole imeshajibu!" Akacheka, akabonyeza jingine, na jingine. "Mashallah! Punda kawa farasi!"

Alipogeuka kumpongeza hakumwona. Abu Rabih alikuwa amejifungia chooni, amefungua bomba ili asisikike, analia.

Alimwambia Haji kila kitu siku ile ile, amesimama wima kama mshtakiwa. Haji aliinama mlangoni. Akaiokota tasbihi yake, akaiweka mfukoni.

"Nilimwita mtoto wa watu punda," akasema.

"Ni mimi niliyemfanya aitwe."

"Mpigie. Mwambie Haji Muwaffaq anamwomba radhi, na neno langu liko pale pale. Matawi yote. Arudi hata kesho."

Abu Rabih alikimbia nyumbani, mtu mzima na goti lake bovu. Umm Rabih alipoisikia habari hakupiga kigelegele. Alikaa kwanza. Halafu akainuka, akatoa nyama kwenye friji, akaanza kutwanga kibe za kukaanga, madonge ya nyama na ngano, zile Rabih alizokuwa akizila zikiwa bado zinamuunguza ulimi. Na Abu Rabih akamsikia kutoka jikoni, taratibu, anaziambia kibe: "Rudi, unizike. Rudi, mwanangu, unizike."

Jua lilikuwa linazama alipopiga simu ya video. Akawasha taa ya sebuleni ili mwanawe amwone vizuri, akasimama karibu na ukuta ambako mtandao hushika. Rabih akatokea, amenenepa kidogo, ana ndevu. Nyuma yake taa za jikoni zilikuwa zinawaka zote, na jikoni hakuna mtu. Abu Rabih alilimeza neno lililotaka kumtoka.

Akamsimulia. Ule mstari, zaatari, kusahau, Hiyam, maneno ya Haji. Akasema, "Nilikutukana kwa kosa langu mwenyewe. Nisamehe, baba." Kwetu hata mzee humwita mwanawe baba. "Kila kitu kimerekebika. Rudi nyumbani. Mama yako ameshaanza kutwanga kibe, usiniache nizile peke yangu."

Rabih hakucheka. Alitazama pembeni, akafuta pua.

"Baba, niliiona."

"Uliona nini?"

"Ile mipangilio. Ile siku nilipoitwa, niliiona hata kiti hakijapata joto."

Abu Rabih hakuelewa. "Ukajua ni mimi?"

"Sasa angekuwa nani, baba? Ghala zima lile, nani mwingine angeiambia mashine ya kubana umeme ibane tena?" Sauti yake ilikuwa na kicheko na kilio kwa pamoja. "Nilicheka peke yangu mle ndani. Wallahi nilicheka."

"Mbona hukugeuza? Ni kitu cha kubonyeza mara moja! Ungesema umekosea wewe, yakaisha, nani angejua?"

"Nilishaweka kidole."

"Halafu?"

"Halafu nikawaza, nikibonyeza hapa, nabaki. Nitaoa hapo, nitazeeka hapo, na wanangu nitawafundisha kuchomoa friji wakitaka kupiga pasi. Maisha yangu yote kuna mtu ataniambia zima, na mwishowe atakayesema hivyo nitakuwa mimi." Akarudisha macho kwenye simu. "Nilikuwa nataka kuondoka, baba. Siku nyingi. Nilikuwa sina uso wa kukwambia. Wewe ukanipa sababu, nikaichukua. Hata uliponitukana nilisema afadhali, angalau ana hasira, hatakuwa na huzuni. Mimi ndiye wa kuomba radhi."

Jikoni kinu kilikuwa kinaendelea kutwanga. Abu Rabih alitaka kusema kitu chochote. Alitaka kusema kwamba ampea zinaweza kuongezwa, kwamba watu wa mtaa wanaweka paneli za jua, kwamba hakuna atakayemwambia tena zima, anaapa. Lakini alikuwa anaiona ile jikoni tupu ya Hamburg yenye taa, na bado roho yake ilikuwa inawasha kutaka kuzizima.

"Kwa hiyo hurudi," akasema.

"Sirudi, baba."

Akatikisa kichwa, kwamba amesikia. Akawa anafikiri ataingia vipi jikoni, atamwambiaje yule mama aweke kinu chini.

"Baba?" Rabih akaita. "Baba, sikuoni. Umeme umekatika huko?"

Abu Rabih akatazama. Sebule ilikuwa giza kweli. Friji ilikuwa inanguruma jikoni kama kawaida, kwa hiyo umeme upo. Kisha akauhisi mkono wake mwenyewe ukutani, kidole kingali juu ya swichi.

"Haujakatika," akasema. "Nimezima mwenyewe."